Mwezi Ukiwa Kwenye Nge

Ersilia Buonocore alifundisha Kilatini katika shule ya wasichana ya parokia mpaka wasichana wakaisha. Wazazi walihamia vitongojini, madarasa yakabaki na vumbi la chaki, askofu akaifunga shule, na Ersilia akarudi nyumbani Mtaa wa Wooster na boksi moja la vitabu na hasira ya mtu aliyefukuzwa bila kosa. Hakuwa mzee. Alikuwa na kichwa chepesi na ulimi mkali, na alijua lugha ambayo mji mzima wa New Haven, huko Marekani, haukuihitaji. Hata mapadri walikuwa wameshaanza kusali kwa Kiingereza.

Mumewe, Aniello, alikuwa mtu wa tanuri. Tangu ujana wake alisimama mbele ya tanuri la makaa ya mawe katika duka la piza, koleo refu la mbao mkononi, akiingiza na kutoa, mpaka nyusi zake zikakataa kuota vizuri. Shule aliiacha mapema. Lakini alikuwa na jambo ambalo wanaume wengi wa mtaa ule hawakuwa nalo: alijivunia akili ya mkewe kuliko mali yoyote. Hakumwita Ersilia. Alimwita Mwalimu, hata kitandani.

"Mwalimu," alimwambia kipupwe kile baada ya shule kufungwa, "utaozea humu jikoni. Na wewe ukioza, mimi nitapona? Toka. Nenda kule maktaba ya wakubwa ukagombane na watu wa kiwango chako."

Basi akaenda. Maktaba ile ya chuo kikuu imejengwa kwa kuta za mawe membamba yanayopitisha nuru, kama ganda la yai ukilimulika. Siku hiyo walikuwa wamekitoa na kukiweka ndani ya kioo kile kitabu ambacho watu wa mji wote wamekisikia na wachache wamekiona: kitabu cha ngozi ya ndama, cha karne za kati, kilichoandikwa kwa hati ambayo hajapata kutokea mtu wa kuisoma. Kina mimea isiyoota popote. Kina wanawake uchi wanaooga katika mabirika ya maji ya kijani. Na kina magurudumu ya nyota.

Kilikuwa kimefunuliwa penye magurudumu. Katikati ya duara walichorwa samaki wawili. Kuwazunguka, wanawake wadogo walisimama pete kwa pete, kila mmoja ameshika nyota kama mtoto aliyeshika puto. Na chini ya samaki, neno moja tu linalosomeka katika ukurasa mzima: Machi.

Ersilia alisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Alipofika nyumbani alisahau kuvua koti.

"Vipi, wamekushinda?" Aniello aliuliza.

"Aniello, kule kuna kitabu hakuna mtu duniani anayeweza kukisoma."

"Basi kitabu kimepatikana," akasema Aniello, akampakulia supu.

Kuanzia hapo meza ya chakula ikawa si ya chakula tena. Ersilia alinunua nakala za kurasa zile moja moja, akazitandaza, na wao wawili wakawa wanakulia jikoni, magoti yakigusana chini ya kimeza kidogo. Binti yao wa pekee, Loredana, alikulia katika nyumba ambayo sebule yake haikuwekewa sahani hata Krismasi. Alipoolewa akahamia Ohio, na alikuwa akiwaambia wakweze kwa utani kwamba ana ndugu mmoja, mkubwa wa umri, asiyesema lugha ya mtu.

Ersilia hakuwa mjinga, na wala hakuwa mpiga ramli. Alijua kwamba wengi waliomtangulia waliyachukulia magurudumu yale kuwa ya kubashiria bahati za watu. Yeye alisema hapana, ni ya tiba. Matabibu wa karne zile hawakumgusa mgonjwa kabla ya kutazama mbingu. Kila buruji, yaani kundi la nyota, katika zile kumi na mbili ilikuwa na kiungo chake: kondoo dume kichwa, ng'ombe shingo, kaa kifua, nge kibofu na sehemu za siri, na kuendelea hadi samaki, wenye nyayo. Mwezi ukiwa unapita katika buruji, kiungo chake kisiguswe kwa chuma, wala kwa wembe wala kwa kisu. Sayari nazo: Zuhali hukausha, Mirihi huchemsha damu, Mshtarii hupoza. Katika kitabu, kondoo dume amechorwa mara mbili, na ng'ombe mara mbili, na watu walikuwa wamejikuna vichwa miaka na miaka kwa nini. Ersilia akasema: majira ya kuchipua ndiyo yalikuwa msimu wa kutolewa damu na kuoga dawa, tabibu alihitaji kurasa zaidi. Na wale wanawake kwenye mabirika? Ndio wagonjwa wenyewe. Kitabu kizima kikakaa sawa mbele yake, kama mfupa ulioteguka unaporudi mahali pake.

Yalibaki maneno. Hapo ndipo alipoyashika yale majina ya miezi. Yalisomeka, na yalikuwa ya Kilatini kilichochakaa midomoni mwa watu, cha upande wa kusini mwa Ufaransa au kaskazini mwa Italia. Kama aliyeandika miezi ndiye aliyeandika kitabu, basi lugha ya kitabu ni ndugu ya lugha ile. Kutoka hapo akaanza kusoma vile vijineno vilivyo kando ya nyota, kimoja leo, kingine baada ya miezi, akifuta, akirudia.

Rafiki yake katika safari hiyo alikuwa Profesa Winifred Lathrop, mtaalamu wa miswada pale chuoni, mwanamke mrefu, mpole, asiyeinua sauti. Walikuwa wakinywa kahawa pamoja kila Alhamisi.

"Bi Ersilia," Profesa alimwambia siku moja, "umejenga nyumba nzuri mno. Nami ningependa kuhamia humo. Lakini nguzo yake yote ni neno moja: kama."

"Kama nini?"

"Kama ni mkono ule ule ulioandika miezi."

"Ni ule ule. Itazame hiyo herufi r."

"Nimeitazama."

"Itazame tena."

Profesa akacheka, na Ersilia akacheka, na mazungumzo yakageukia magoti yao yanayouma.

Mwishowe akaalikwa kusema mbele ya watu, katika ukumbi mdogo wa maktaba ile ile. Aniello alivaa suti aliyoivaa kwenye harusi ya Loredana na akakaa mstari wa mbele, mikono yenye makovu ya moto juu ya mapaja. Ersilia alionyesha picha ya gurudumu la Nge. Mnyama wake wala hafanani na nge: ni kitu kama mjusi mwenye mkia mrefu, kana kwamba mchoraji alisimuliwa nge na mtu ambaye naye alisimuliwa. Watu wakacheka kidogo. Kisha akaishusha sauti yake, ile sauti ya darasani iliyokuwa ikiwanyamazisha wasichana arobaini bila fimbo, akasoma vijineno vya pete ya ndani, taratibu, kwa lugha yenyewe alivyoiunda, halafu akafasiri:

"Chuma kisiguse hapa mpaka Mwezi utoke."

Ukumbi ukatulia tuli. Sauti ya mtu aliyekufa miaka mia sita iliyopita ilikuwa imezungumza. Aniello alilia waziwazi, hakujificha, na njiani kurudi nyumbani alikuwa akiyarudia maneno yale chini kwa chini kama mtu anayesali rozari.

Kesho yake dukani aliwatangazia wote, kuanzia wakata vitunguu hadi wateja wa foleni. "Mke wangu amekisoma! Miaka mia sita wamekaa wanakitumbulia macho, na amekuja kukisoma mwanamke wa Mtaa wa Wooster!"

"Kinasema nini?" mtu mmoja akauliza.

"Kinasema usipasuliwe ovyo," akajibu Aniello, na duka zima likaangua kicheko.

Ersilia hakuona kilichofuata, au alikiona akakifurahia, jambo ambalo baadaye lilimtesa zaidi. Aniello alinunua kwenye duka la vifaa kile kijitabu cha wakulima kinachoonyesha Mwezi umelala buruji gani kila siku, akakitundika kwa uzi kando ya jokofu. Jino lilipomuuma, alikataa kwenda kung'olewa mpaka siku mbili zipite.

"Mwezi uko kwenye kondoo dume," alisema, shavu limevimba. "Jino liko kichwani, Mwalimu, au siyo?"

Ersilia alicheka mpaka akashika mbavu, akambusu lile shavu lililovimba. Kwa miaka yote hakuna mtu aliyeifanyia kazi yake heshima kubwa kama ile. Hakumwambia aache.

Aniello alikuwa ameshastaafu alipoona damu kwenye mkojo. Alikaa nayo kimya, kama wanaume wanavyokaa nayo, kisha akamwambia mkewe, wakaenda hospitali. Daktari mpasuaji alikuwa mtu wa maneno machache. Kuna uvimbe ndani ya kibofu, akasema, ni mdogo, uko juu juu. Tuutoe upesi na huenda mambo yakaishia hapo. Wakapewa siku, mwezi wa Novemba.

Siku tatu kabla, Aniello alimwambia Ersilia kwamba hospitali wamepiga simu, wamesogeza mbele. Ersilia alinung'unika juu ya hospitali za siku hizi, akarudi kwenye meza yake. Alikuwa akiandika makala juu ya kurasa zilizokatwa, za buruji za Mbuzi na Ndoo, ambazo hakuna ajuaye ziliko. Siku mpya ikaja kuwa baada ya Krismasi. Nayo ilipokaribia, hospitali "wakasogeza" tena.

Walipompasua hatimaye, theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka. Daktari alitoka akiwa bado amevaa kofia ya upasuaji, akasema uvimbe umeingia kwenye msuli na umepita msuli. Hakusema zaidi, wala hakuhitaji.

Loredana alikuja kwa ndege kutoka Ohio. Alikuwa mtu wa kuuliza maswali, na ndiye aliyezungumza na muuguzi wa zamu pale koridoni. Alirudi chumbani uso umembadilika rangi. Aniello alikuwa amelala nusu ameketi, mrija mkononi, na Ersilia alikuwa akimkatia chungwa.

"Baba," Loredana alisema, "wanasema wewe ndiye uliyepiga simu. Mara zote mbili. Ya kwanza ukasema una mafua."

Aniello alimtazama mkewe, kama mwanafunzi anayeomba asaidiwe jibu.

"Mwezi ulikuwa kwenye Nge," akasema. "Hiyo ya kwanza. Ya pili ulikuwa unajaa. Ukiwa unajaa damu haikatiki. Muulize mama yako."

Kisu cha chungwa kilisimama mkononi mwa Ersilia.

"Aniello." Alikiweka kisu chini. "Aniello, unasema nini?"

"Si wewe ndiye uliyenisomea?"

"Nilisoma walichoamini wao! Watu wa zamani! Sikukuambia wewe uamini!"

"Ah. Kwa hiyo wao walikuwa wajinga?"

"Hawakujua. Hawakuwa na namna ya kujua."

"Na wewe umewapa wajinga miaka ishirini na zaidi?" Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kwa mshangao wa kweli. "Mimi nilidhani mtu kama wewe hawezi kuwapa maisha yake watu wasiojua kitu. Nikasema, Mwalimu anajua. Akisoma vile, kwa sauti ile, ni kwamba anajua."

Loredana alitoka nje na kuufunga mlango nyuma yake polepole mno, na upole ule ulimuuma Ersilia kuliko kama angeubamiza.

Alimfuata daktari ofisini peke yake, akataka kujua: je, ingekuwa Novemba? Daktari alivua miwani. Huenda, akasema. Uvimbe mwingine huwa umeshapenya tangu siku ya kwanza, ukate leo ukate kesho. Mwingine ungeukata ungekwisha. "Huu ulikuwa upi, Mama, siwezi kukuambia. Hakuna atakayeweza." Ersilia alishukuru, akatoka, akakaa kwenye gari bila kuwasha. Maisha yake yote alikuwa amewashinda watu kwa jibu, na hili jambo moja ambalo angetoa kila kitu alijue halikuwa na pa kusomwa.

Wakamrudisha Aniello nyumbani afie kwake. Ersilia aliziondoa karatasi zote kwenye meza ya sebule, akaisukuma ukutani, kikawekwa kitanda cha mgonjwa. Kile kijitabu cha kando ya jokofu alikichana vipande. Aniello alikonda mpaka mikono yake ikaonekana mikubwa kama ya mtu mwingine. Wazee wenzake wa duka walimletea piza ya kome, wakakaa, wakapiga soga, wakaila wao wenyewe.

"Hata harufu imenikataa," aliwaambia. "Kuleni. Mmeiunguza pembeni, lakini kuleni."

Alikuwa bado anatania, na hakuwahi kumlaumu mkewe hata kwa jicho. Hilo Ersilia alilibeba kama jiwe. Alimtamani amtukane. Alimwogesha, alimgeuza, alimlowanisha midomo kwa pamba, na alikuwa akisubiri neno, lakini lilipokuja halikuwa alilolitarajia.

"Mwalimu," alisema alasiri moja, sauti imekuwa nyuzi tupu. "Nisomee ile."

"Ipi?"

"Ya Nge."

"Aniello, hapana. Niombe kingine chochote."

"Hiyo ndiyo naitaka. Nisomee kama ulivyosoma siku ile. Nilivaa suti."

Akamsomea. Aliishusha sauti, akayatamka yale maneno, taratibu, kwa ile lugha. Aliyatafuna kama mtu anayetafuna mchanga. Aniello alifumba macho na akatabasamu, na siku mbili baadaye, wakati miti ya micheri ya uwanja wa Wooster imechanua na watu wa mji mzima wamejaa chini yake kupiga picha, akakata roho.

Wafiwa hupewa muda wa kuomboleza, lakini Ersilia hakupewa mrefu. Alikuwa ameshikilia jambo moja tu. Alijiambia: mume wangu alikosea kuamini, nami nilikosea kumwacha aamini, lakini lile neno lipo. Liliandikwa na mtu mwenye nia njema kwa ajili ya wagonjwa wake. Nililisoma sawasawa. Aniello alikufa kwa ajili ya neno la kweli la mtu wa kweli. Ilikuwa faraja nyembamba kama uzi wa buibui, naye alining'inia kwayo.

Profesa Lathrop alimpigia simu akaomba aje nyumbani, si maktabani. Alipoingia hakuvua koti, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Nimetaka usikie kwangu kabla ya kusikia kwa watu," alisema. "Wameupima wino na kuiangalia upya hati yote. Majina ya miezi si ya mkono ule, Bi Ersilia. Yaliandikwa baadaye, na mtu mwingine, kwa wino mwingine. Mwenye kitabu wa baadaye, pengine, aliyetaka tu kujua samaki ni mwezi gani."

"Baadaye kiasi gani?"

"Haijalishi kiasi gani."

Ni kweli haikujalisha. Ersilia alimtazama Profesa, akaiona nyumba yake yote, nguzo baada ya nguzo. Kama miezi ni ya mkono mwingine, lugha si ndugu. Lugha kama si ndugu, herufi alizozisoma si zile. Herufi kama si zile, vijineno vya kando ya nyota havisemi alichosema. Ile pete ya ndani ya Nge inaweza kuwa majina ya wanawake, au ya nyota, au upuuzi mtupu wa mtu aliyejaza ukurasa.

"Kwa hiyo halikuwepo," alisema.

"Lipi?"

"Lile la chuma."

Profesa Lathrop alikuwa hajui habari ya simu zile mbili za hospitali. Ersilia hakuwa amemwambia mtu. Alipomwambia sasa, yule mwanamke mpole aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akalia. Ersilia hakulia. Alikwenda jikoni kutengeneza kahawa, akasahau alichofuata, akasimama mbele ya jiko baridi hadi Profesa alipokuja kumshika bega.

Alimweleza Loredana kwa simu. Aliona ni haki yake.

"Subiri, Mama," Loredana alisema. "Kwa hiyo hayakuandikwa? Yale maneno?"

"Hayakuandikwa."

"Hakuna mtu yeyote aliyewahi kuyaandika."

"Hapana, mwanangu."

Mtoto mmojawapo wa Loredana alikuwa anapiga kelele nyuma huko, katuni zikilia.

"Basi uliyaandika wewe," Loredana akasema.

Hawakugombana. Wangegombana wangepatana. Loredana aliendelea kupiga simu Krismasi na Pasaka, akiuliza habari za mvuke wa kupasha nyumba na shinikizo la damu, kwa adabu, kama mtu anayempigia shangazi wa mbali. Kiangazi wajukuu hawakuletwa. Kiangazi kilichofuata hawakuletwa tena, na Ersilia hakuuliza.

Alifanya alichoweza kufanya. Alirudi katika ukumbi ule ule, mbele ya watu wale wale waliokuwa wamenyamaza kimya kwa ajili yake, akasimama bila picha yoyote akasema: nilikosea, nafuta yote, msiyatumie. Alisema kwa sauti ya kawaida. Watu walimwangalia kwa huruma, wengine wakatazama viatu vyao. Mwishoni akatokea bwana mmoja mwenye ndevu nadhifu, mhudhuriaji wa siku nyingi, akamshika mkono.

"Usikate tamaa, Bi Ersilia," alimwambia. "Wasomi wanatishwa na ukweli. Sisi tunaendelea nayo."

"Mnaendelea na nini?"

"Na usomaji wako. Tumeuweka wote kwenye mtandao. Watu wanaufuata mpaka Australia."

"Uondoeni."

"Hauondoleki tena, mama yangu," alisema kwa furaha, akidhani anampa zawadi.

Wakaanza kumpigia simu. Namba yake ilikuwa kwenye kitabu cha simu tangu enzi za Aniello na hakujua namna ya kuitoa. Walikuwa watu wa sauti za upole, wenye hofu. Mmoja alitaka kujua kama Zuhali ikirudi nyuma ni vizuri kuanza dawa ya moyo. Mwingine mama yake alikuwa na mtoto wa jicho, na Mwezi uko kwenye kondoo dume siku yenyewe ya miadi. Ersilia alijibu kila simu. Alijibu hata zile za wakati wa misa, maana aliacha kwenda misa ili asikose. Wote aliwaambia jambo moja: nenda siku uliyopewa.

Kuna waliosikia. Wengi walishukuru na kukata, na hakujua walifanya nini.

Majira ya kuchipua ya mwaka wa tatu wa ujane wake alipiga mwanamke kutoka Oregon. Hakutaja jina lake. Mwanawe, mtoto wa miaka minne, alikuwa na tundu kwenye moyo, na upasuaji ulikuwa Jumanne.

"Na Mwezi utakuwa kwenye Kaa," mwanamke alisema. "Kaa ni kifua. Nimesoma uliyoandika, yote. Nimewaomba wanisogezee wiki moja tu, wananiona kichaa. Nataka uniambie wewe mwenyewe."

"Mpeleke Jumanne."

"Lakini uliandika..."

"Nilikosea. Nisikilize, binti yangu. Hakuna kilichoandikwa mle. Nilikitunga. Sikujua kwamba nakitunga, lakini nilikitunga mimi, mezani kwangu, na mume wangu aliniamini na amekufa. Mpeleke mtoto Jumanne. Nakuomba. Nakupigia magoti."

"Wameshatuambia utasema hivi," mwanamke alisema, kwa sauti ya kumhurumia. "Kwenye mtandao wanasema chuo kilikulazimisha ukane. Pole sana, mama. Sitakusumbua tena."

"Usikate! Nipe jina la mtoto. Nipe namba yako!"

Simu ilikuwa imeshakatika. Ersilia alipiga kampuni ya simu, akahamishwa kutoka mtu hadi mtu, na wa mwisho akamwambia kwamba hiyo ni siri ya mteja. Alimpigia Profesa Lathrop, na Profesa akampigia yule bwana mwenye ndevu, na yule bwana akasema watu wa Oregon wako wengi.

Jumanne ilipofika alivaa nguo za kutokea tangu asubuhi, bila kuwa na pa kwenda. Alikaa kwenye kiti kando ya simu. Jirani alimletea sahani ya maharage na mboga za majani, akamkuta hivyo, akamuuliza kama anasubiri mgeni.

"Hapana," Ersilia alisema.

Jirani aliiweka sahani juu ya kimeza cha jikoni, akaifunika kwa sahani nyingine isipoe, akaondoka.